Nimefunga silinda hedi ya 5A mwenyewe nyumbani, baada ya kilomita 600 inachemsha tena. Nimekosea wapi?

#1 Uani_Tabata

Wakuu, habari. Nitaeleza kirefu ili msipate shida ya kuniuliza mara mbili mbili.

Gari ni Corolla 110, injini 5A-FE. Mwezi wa tatu nilikuwa napandisha mlima wa Kitonga na familia, mbele yangu malori mawili yamebeba, mwendo wa kutambaa. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Sikupata pa kuegesha salama, nikaendelea mpaka juu. Kuzima tu, mvuke ukafumuka. Tangu siku hiyo maji yakawa yanapungua, asubuhi moshi mweupe, na ukifungua rejeta unaona mapovu. Oil ilibaki safi, haikugeuka chai ya maziwa.

Fundi niliyempelekea aliangalia dakika tano, akasema ninunue injini ya mtumba. Gari hii aliiacha marehemu baba. Sikuwa tayari kuona injini yake inang'olewa kabla sijajaribu kitu, nikafungua hedi (kile kichwa cha juu cha injini chenye valvu) mwenyewe uani, jioni baada ya kazi, siku tisa.

Nilivyofanya: nilifunga boliti ndogo ya 6 mm kwenye ile gia ya kamu yenye springi kabla ya kutoa kamu. Valvu zote 16 nikazipanga kwenye trei ya mayai na namba zake, kila moja na shimu yake. Nikazisaga kwa pasta, nikaweka valvu sili mpya. Nikajaribu kwa mafuta ya taa usiku kucha, hakuna tone. Uso wa hedi nikausafisha kwa msasa niliougundisha juu ya kioo kinene, kisha nikapima kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), ya 0.05 mm haikupita. Gasketi mpya, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, kutoka Gerezani. Boliti zilezile za zamani. Nikakaza 29, halafu robo mzunguko, halafu robo tena, kuanzia katikati kwenda nje.

Iliwaka kwa mshiko wa kwanza. Nilifurahi mno. Sasa nina kilomita kama 600 na mapovu yamerudi. Kosa liko wapi?

#2 Spana_14

Mkuu hongera kwa moyo. Jibu lako umeliandika mwenyewe: "boliti zilezile za zamani." Boliti za hedi zinazokazwa kwa nyuzi, yaani robo na robo, zinafanya kazi kwa kuvutika. Zikishavutwa na joto la Kitonga halafu ukazivuta tena, zinakuwa kama lastiki iliyochoka. Hazirudishi nguvu ya kubana. Nunua seti ya boliti 10, fungua, funga upya. Kazi imekwisha.

#3 Binti_Fundi

Spana_14 unakimbilia spea mapema. Boliti za 5A zinarudiwa kama bado nzima. Unachukua vanier unapima unene kwenye uzi, sehemu inayobaki wazi. Kama imeingia kiuno, unatupa. Kama iko sawa juu mpaka chini, unarudisha. Baba yangu amefungua hizi injini Mwanza tangu ziko mpya, na mimi nimeshika taa mpaka nikahitimu kushika spana.

Mimi nina maswali mawili kwa Uani_Tabata. La kwanza: umepima hedi, je bloku uliipima? Kikomo cha kupinda ni 0.05 mm kwa hedi na kwa bloku vilevile. Watu wanaipima hedi kwa sababu inabebeka, bloku wanaifuta kwa tambara.

La pili, na hili ndilo linalonitia wasiwasi: kabla ya kusaga kwa msasa hedi ilikuwa imepinda kiasi gani?

#4 Uani_Tabata

@Binti_Fundi bloku sikupima. Nilikwangua mabaki ya gasketi, nikaifuta kwa petroli.

Hedi kabla ya kusaga: katikati fila ya 0.15 ilikuwa inapita kwa kukwaruza kidogo.

#5 Binti_Fundi

0.15 ni mara tatu ya kikomo. Sasa nielewe vizuri. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku. Kipande cha aluminiamu cha sentimita 40 kikipanda nyuzi 100 kinataka kurefuka kama milimita 0.9, chuma cha urefu huohuo kinataka 0.45 hivi. Hedi ya 5A ni aluminiamu, bloku ni chuma, na katikati kuna boliti 10 zinaishikilia isiende kokote. Ikizidiwa inajikunja kama upinde, na ikipoa haijinyooshi.

Upinde una pande mbili. Ukisaga chini umenyoosha chini tu. Juu, kwenye makalio ya kamu, bado kumepinda. Injini hii kamu inalala moja kwa moja kwenye aluminiamu, haina beringi za kubadilisha. Ndiyo maana baba hakubali kuchonga hedi iliyopinda sana kabla ya kuinyoosha: anaifunga kwenye sahani nene ya chuma, anaweka vibati chini ya ncha, anaipasha moto taratibu, anaiacha ipoe yenyewe mpaka kesho. Baada ya hapo ndiyo inakwenda kuchongwa.

Kipimo hakina gharama. Weka kamu peke yake bila vikombe vya valvu, funga vifuniko kwa mkazo wake, zungusha kwa mkono. Ikizunguka laini, uko salama. Ikigoma sehemu moja, upinde uko juu.

#6 Chalinze_Junction

Binti_Fundi leo umemfunga Spana_14 kwa nati mbili. Endelea dada, tunajifunza.

#7 Spana_14

Sijafungwa bado. Kamu kugoma kunakula kamu, kunaweza hata kuikata, ila hakurudishi mapovu kwenye rejeta. Mapovu ni gasketi, na gasketi inashikwa na boliti. Nabaki hapohapo.

#8 Mzee_wa_Pangani

Nimesoma yote. Kijana wa Tabata, umefanya kazi ya kiume, baba yako angefurahi.

Mimi nauliza hiyo 29 uliipata kwa kifaa gani? Sisi zamani toki renchi (spana inayopima mkazo) hatukuwa nayo, tulitumia mizani ya kuning'iniza ya samaki. Unafunga kamba kwenye mpini wa spana, unavuta mpaka mizani isome kilo 10, mpini uwe nusu mita. Nimefunga hedi nyingi hivyo na zimetembea.

#9 Namba_Hazidanganyi

Shikamoo mzee. Njia ya mizani ni nzuri, nimeipenda, ila hesabu irekebishwe mtu asije akaharibu uzi. Kilo 10 kwenye mpini wa nusu mita ni karibu 49 Nm, sio 29. Ili kupata 29 Nm, mpini wa sentimita 30 vuta kilo 9.9. Mpini wa nusu mita vuta kilo 5.9. Pima kutoka katikati ya boliti mpaka pale kamba ilipofungwa, na uvute kwa pembe mraba na mpini.

#10 Mzee_wa_Pangani

Marahaba. Umesema kweli, kumbukumbu yangu imechanganya. Spana yetu ilikuwa ile fupi, futi moja. Kilo 10 kwa futi moja, ndiyo hiyo.

#11 Uani_Tabata

Shikamoo mzee, asante sana kwa maneno hayo.

Toki renchi niliazima kwa jirani. Ina mistari miwili ya namba, mmoja mweupe na mmoja mwekundu. Nilifuata mweupe.

#12 Namba_Hazidanganyi

Mweupe umeandikwa nini mwishoni? Maana nyingi zina Nm upande mmoja na paundi-futi upande wa pili. 29 Nm ni paundi-futi 22 hivi. Kama ulikaza 29 ya paundi-futi, umeweka karibu 39 Nm, halafu ukaongeza nusu mzunguko juu yake. Boliti za zamani kwa mkazo huo zimevutwa kupita kiasi, na boliti iliyopitiliza haibani zaidi, inabana pungufu.

#13 Spana_14

Boliti. Nilisema.

#14 Uani_Tabata

Nimeuliza. Jirani amesafiri nayo Dodoma. Akirudi nitaiangalia.

#15 KirinyagaRd

Salamu kutoka Nairobi. Ndugu zangu mmeshuka moja kwa moja kwenye hedi na hakuna aliyeuliza kwa nini gari ilichemka hapo mwanzo. Kupanda mlima peke yake si sababu, hizi gari zinapanda milima kila siku. Ukirudisha hedi nzuri kwenye mfumo mbovu wa kupoza, itaiva tena vilevile.

Themostati iko? Kifuniko cha rejeta kinashika presha? Presha ndiyo inafanya maji yasichemke mapema. Ukiongeza presha ya anga moja, maji yanachemka karibu 120. Kifuniko kikiwa kimekufa, huku Nairobi kwa mwinuko wetu yanachemka kwenye 94 hivi, na Iringa mko karibu nasi. Injini inafanya kazi 85 mpaka 95, sasa ona nafasi uliyobaki nayo.

Feni nayo ipime hivi: washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wa swichi ya joto. Kwa Toyota za umri huo feni inatakiwa iwake mara moja ukichomoa. Isipowaka, tafuta rilei, fyuzi au mota.

#16 Uani_Tabata

Feni inawaka, nimejaribu sasa hivi. Kifuniko ni cha zamani. Themostati haipo, ilitolewa na fundi miaka mingi iliyopita, alisema kwa joto la Dar haina kazi.

#17 KirinyagaRd

Hapo ndipo penye shida.

#18 Binti_Fundi

Nakubaliana na jirani wa Nairobi kwa asilimia zote. Themostati ya hizi injini ina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya rejeta. Ya chini, wakati huohuo, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto ndani ya injini. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kuiona rejeta. Kwenye barabara tambarare huoni tofauti. Kwenye Kitonga, gia ya pili, lori mbele, ndipo inakudai. Kitabu cha Toyota kinakataza kuitoa hata kama gari inachemsha, na mafundi wetu wanaitoa hasa kwa sababu inachemsha.

#19 Dere_wa_Masafa

Mimi napingana kidogo. Nimeendesha gari bila themostati Dar–Mbeya miaka minne, Kitonga nimepanda mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Haijawahi kupanda joto. Kwa hiyo sio lazima iwe hiyo.

#20 KirinyagaRd

Gari gani mkuu?

#21 Dere_wa_Masafa

Hiace, injini 3L.

#22 KirinyagaRd

Hiyo ni dizeli, injini tofauti kabisa. Tusichanganye.

#23 Dere_wa_Masafa

Lakini kuchemka ni kulekule.

#24 Mama_Probox

Naomba kuchangia kwa yaliyonikuta. Yangu ni Probox, 1NZ, inabeba mbogamboga kutoka Lushoto. Ilichemsha mara tatu, nikabadilishiwa gasketi mara tatu, kila mara laki kadhaa. Fundi wa nne hakugusa hedi kwanza. Alitoa rejeta akaipima uzito mkononi, akasema hii ni nzito, imejaa mawe. Kuikata ndani, mirija zaidi ya nusu imeziba kwa chumvi. Nilikuwa naongeza maji ya kisima kila asubuhi kwa miaka. Aliponionyesha na hedi, matundu ya maji yalikuwa yameliwa pembeni kama jino bovu, gasketi inakosa pa kukalia.

Sasa natumia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na maji yaliyochujwa. Kaka yangu Uani_Tabata, wewe unaweka maji gani?

#25 Uani_Tabata

Dada nimeshtuka. Ya kisima, Tabata nzima tunatumia hayo hayo.

#26 Chalinze_Junction

Hivi kulanti si ya nchi za baridi ili maji yasigande? Huku kwetu nani ataganda?

#27 Binti_Fundi

Kutoganda ni faida moja tu. Ndani yake kuna dawa ya kuzuia kutu na ulikaji wa aluminiamu, inalainisha sili ya wota pampu, na inapandisha kiwango cha kuchemka nyuzi kadhaa. Sisi wa maji ya chumvi tunaihitaji kuliko hata hao wa baridi. Kwa hedi ya Uani_Tabata, angalia kingo za matundu ya maji. Kama zimeliwa mpaka karibu na ule mduara wa chuma wa gasketi, msasa wa kioo hautasaidia, pajazwe kwa kuchomelea aluminiamu kisha pachongwe.

#28 Pwani_Maskati

Assalamu alaykum. Mimi niko Muscat, hapa majira ya joto nyuzi 45 si jambo la ajabu, kwa hiyo kuchemsha tunakujua. Nataka nimwokoe ndugu yetu asifungue hedi bure. Mapovu si lazima yawe gasketi. Inawezekana ni hewa iliyobakia ulipojaza maji.

Fanya hivi asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Pandisha pua ya gari kwenye kilima kidogo, fungua hita ya ndani mpaka mwisho wa moto, jaza maji taratibu. Funga shingo ya rejeta kwa glavu ya mpira, ikaze na lastiki. Washa. Glavu ikisimama ndani ya dakika ya kwanza, maji yakiwa bado baridi, hiyo ni gesi ya silinda, gasketi au ufa. Ikikaa imelala, kisha mapovu yakaja injini ikishapata moto na yakakoma baada ya robo saa, ilikuwa hewa.

#29 Uani_Tabata

Waalaykum salaam. Asante sana kaka, hii nitaifanya kesho alfajiri.

#30 Mwekezaji_K

Jamani, injini ya mtumba inapatikana. Muda mnaotumia kwenye hii hedi mtu angekuwa ameshafunga nyingine na yuko barabarani. Uani_Tabata mkuu, hesabu muda wako pia.

#31 Mzee_wa_Pangani

Kijana amesema ni gari ya baba yake. Soma tena posti ya kwanza.

#32 Mwekezaji_K

Nimerudi nimesoma. Naomba radhi mkuu. Endelea nayo.

#33 Uani_Tabata

Wakuu, mrejesho. Glavu ilisimama kabla sijamaliza kuhesabu ishirini. Maji baridi kabisa. Nikatoa plagi zote nne: namba 1 na 2 za kahawia ya kawaida, namba 3 na 4 nyeupe safi kama zimeoshwa.

Nikapima kompresheni. Namba 1 na 2 zinakaribiana, psi 180 na 178. Namba 3 ni 125, namba 4 ni 120.

#34 Namba_Hazidanganyi

Kwa familia hii ya injini mpya ni kama 191, na kikomo cha chini 142. Mbili jirani zote ziko chini kwa kiwango kinachokaribiana. Zinapitishana. Gasketi imeungua katikati ya 3 na 4.

#35 Pwani_Maskati

Basi nimeshindwa kwenye hewa, na hedi inafunguliwa. Allah akufanyie wepesi.

#36 Uani_Tabata

Nimefungua Jumamosi. Hili hapa nililoliona, mnisaidie kulisoma.

Gasketi ina njia nyeusi iliyoungua kati ya silinda 3 na 4, upana kama wa kucha. Boliti nimezipima kwa vanier: nane ziko sawa, mbili zimeingia kiuno kidogo, na hizo mbili ndizo zilizokuwa kati ya 3 na 4, moja ndefu ya 108 upande wa ekzosi, moja fupi ya 90 upande wa manifodi ya hewa. Rula ya chuma juu ya bloku: kati ya 3 na 4 fila ya 0.08 inapita. Kwingine kote 0.05 haipiti. Kamu ya ekzosi inazunguka laini. Ile nyingine inagoma kidogo ikifika nusu. Na kwenye matundu mawili ya boliti nimekuta oil imesimama chini.

Jirani amerudi pia. Mstari mweupe ni paundi-futi.

#37 Spana_14

Boliti mbili, mahali palepale ilipoungua. Mimi sina la kuongeza.

#38 Binti_Fundi

Unalo moja la kutazama: bloku ina bonde la 0.08 mahali palepale. Hapo gasketi ilikosa pa kukalia, hata boliti zikibana. Ukiweka boliti mpya juu ya bonde hilo utarudi hapa baada ya kilomita 600 nyingine.

#39 Namba_Hazidanganyi

Na mimi naona paundi-futi. Boliti zote zilikazwa kupita kiasi, na matundu mawili yalikuwa na oil chini. Oil haibonyei. Boliti inafika kwenye oil, toki renchi inalia, wewe unadhani umebana hedi kumbe umebana oil. Uzi unapakwa oil kidogo sana na chini ya kichwa cha boliti, basi, na matundu yanakaushwa kwa hewa na tambara kabla.

#40 KirinyagaRd

Yote hayo yamekaa juu ya injini isiyo na themostati, yenye kifuniko cha kale na maji ya chumvi. Bonde la 0.08 limetoka wapi, kama si joto?

#41 Dere_wa_Masafa

Hiace yangu bado inatembea lakini.

#42 Uani_Tabata

Nimewasikia wote na nimeandika kila kitu kwenye daftari. Nimeagiza boliti mpya, themostati na kifuniko. Hedi nimeipeleka ikanyooshwe kwanza kama alivyosema Binti_Fundi, kisha ichongwe kwa mashine.

Ninalobaki nalo ni bloku. Je, bonde hilo linaweza kusagwa likiwa ndani ya gari, pistoni zikiwa mahali pake? Kuna anayesema nitumie jiwe bapa la kunolea na oil, niziba silinda kwa vitambaa.

#43 Binti_Fundi

Usifanye hivyo. Unga wa jiwe utashuka kwenye ringi na utaimaliza injini ambayo sasa hivi bado nzima chini. Ishushe.

#44 Spana_14

Kuna gasketi nene kidogo kwa hedi zilizochongwa, ya grafaiti inasamehe mabonde madogo kuliko ile ya chuma tupu. 0.08 ingeweza kuimeza.

#45 Binti_Fundi

Ingeweza. Kwa muda gani?

#46 Mzee_wa_Pangani

Kijana, ukiishusha bloku utahitaji winchi au watu wanne na mti imara. Nina winchi ya mnyororo ya tani moja nyumbani kwa mwanangu Kimara, haina kazi. Nitumie ujumbe.

#47 Uani_Tabata

Mzee, Mungu akubariki. Nimekutumia. Naishusha Jumamosi ijayo, nitaleta picha za bloku ikishasafishwa.